Mgeni wa Siku ya Tatu



Leo twarudi nyuma miaka kama 1,900, katika nyumba za Wakristo wa kale. Hawakuwa na jengo la kanisa. Walikutana sebuleni kwa mmoja wao. Agano Jipya lilikuwa bado halijakusanywa kuwa kitabu kimoja. Jioni mlango wabishwa. Nje amesimama mtu mwenye vumbi miguuni, asema ametumwa na Bwana. Wamkaribishe au wamfukuze? Wakimfungia mtumishi wa kweli, wamemfungia Bwana. Wakimfungulia mwongo, atakula mali ya wajane.

Twajua walivyofanya. Mwaka 1873 huko Konstantinopoli, Philotheos Bryennios, kiongozi wa Kanisa la Orthodox, aliona katika maktaba kitabu cha ngozi kilichonakiliwa mwaka 1056. Ndani yake mlikuwamo maandishi mafupi yaitwayo Didache, maana yake Mafundisho, ambayo wengi waliyajua kwa jina tu. Aliyachapa mwaka 1883.

Tungetazamia mgeni aulizwe maswali magumu ya imani. Mafundisho yake yalipimwa, ndiyo, na aliyefundisha kinyume hakusikilizwa. Lakini baada ya hapo wazee wale walitazama kitanda, sahani na mfuko. Mtume apokewe kama Bwana mwenyewe. Akae siku moja, na ikibidi siku ya pili. Akikaa ya tatu, ni wa uongo! Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akidai fedha, ni wa uongo. Na nabii akisema kwa Roho kwamba meza iandaliwe, kisha akaketi na kuila yeye mwenyewe, amekwisha julikana. Hapo twacheka kidogo, maana bila shaka yuko mtu aliyewahi kujiagizia karamu kwa njia hiyo.

Aliyetaka kuhamia kwao kabisa, kama ana ufundi, na afanye kazi ale. Asiye na ufundi, washirika wamtafutie njia, ili Mkristo asikae bure kati yao. Akikataa, basi anamfanyia Kristo uchuuzi. Wahenga wetu hawakuisoma Didache, lakini nao walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Tuangalie jambo hili vizuri. Kanuni hizi hazikuhitaji elimu. Mama aliyehesabu mikate jikoni aliweza kumpima nabii sawasawa na mzee wa kanisa.

Wala haikuwa hofu ya bure. Katika karne ya pili Lucian wa Samosata, mwandishi mpagani mwenye dhihaka nyingi, alisimulia habari za Peregrinus aliyeingia kati ya Wakristo wa Palestina akawa mkubwa wao. Alipofungwa gerezani, wajane na yatima walimngojea mlangoni tangu alfajiri, na makanisa ya Asia yakatuma watu na msaada. Akapata fedha nyingi. Baadaye Wakristo walimkataa, na mwaka 165 alijitupa motoni kule Olympia mbele ya watu. Lucian hakutupenda, na pengine ametia chumvi. Hata hivyo alilosema linauma: kwamba mjanja akiingia kwa Wakristo hutajirika upesi.

Nchi yetu yaijua gharama yake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wakiwamo. Wengi walionekana kufa kwa njaa. Kabla ya njaa hiyo yalikuwapo mafundisho ya kukataa shule na hospitali, mambo ambayo jirani yeyote angeweza kuyaona.

Lakini wengi wetu hatutaitwa msituni. Tutaombwa tutume shilingi mia tano kwa simu, ziwe mbegu ya baraka, na mtu ambaye hatujui hata mlango wa nyumba yake. Halali kwetu, hali kwetu, tutamhesabiaje siku? (Nasi tunaosema redioni tumo katika swali hilo.)

Je, tusimpe mtu tena? Wengine wamefika hapo. Walitapeliwa mara moja, na sasa hata harambee ya mgonjwa wanaiona kuwa hila. Wazee wa Didache hawakufika huko. Nabii akisema nipeni mimi fedha, wasimsikilize. Lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Na mhitaji ana mlango wake. Akitajwa mjane wa mtaa fulani, mashemasi wawili waweza kumwendea Jumapili hiyo hiyo baada ya ibada, na unga mkononi, wakaketi naye.