Reli inakuja Musongati: tuukumbuke mji wa Ujiji



Tangu Agosti 2025, ilipozinduliwa kule Musongati kazi ya kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hapa Gashoho hatukai baada ya swala bila mtu kuleta habari za treni. Ni reli ya kilomita zipatazo 282. Vijana wameshaanza hesabu: saruji itashuka bei, chumvi itashuka bei, kahawa itafika bandarini upesi. Sisi nasi tunaitamani, tusidanganyane. Lakini eneo hili letu la maziwa limewahi kufikiwa na reli, na yaliyotokea wakati ule yanafaa kusimuliwa majumbani kabla treni haijapiga honi.

Zamani bidhaa zote kutoka pwani zilikuja kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Ujiji Februari 1858. Miezi minane! Ujiji ulikuwa ndio mji mkubwa wa ziwa Tanganyika, wenye soko, wenye misikiti, na kwa njia hiyo Uislamu na hiki Kiswahili tunachoandikia vilivuka hadi Rumonge na Usumbura. Na tuseme kweli yote mbele ya watoto wetu: njia iliyoleta misahafu ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na wengine katika waliowafunga walikuwa wakiswali kama sisi. Kwa hiyo asije mtu akasema mambo ya zamani yalikuwa mazuri tupu.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mapema 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Hilo ni jambo kubwa, wala hatulidharau. Mpagazi aliyekuwa akifia njiani kwa homa na njaa alipumzika.

Ila alipumzika na riziki yake pia. Kazi ya watu wengi, na ya waliowauzia chakula, waliowakodisha vibanda, waliowatengenezea kamba na majembe, ilikatika. Na Ujiji? Reli haikuishia Ujiji. Ilipelekwa Kigoma, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo. Hakuna aliyeuchukia mji wa Ujiji, wala hakuna aliyeupiga vita. Injinia alitazama maji, basi. Meli zikaenda Kigoma, maduka yakafuata meli, na mji uliokuwa mkubwa kuliko yote ziwani ukawa jirani wa stesheni.

Jambo jingine ni kwamba chombo hakimchagui abiria. Ile meli ambayo leo inaitwa Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa masanduku maelfu hadi Dar es Salaam na kupandishwa juu ya reli hiyo mpya. Iliposhushwa majini Kigoma mwaka 1915 vita vilikuwa vimeshaanza, ikafungwa mzinga. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate. Waingereza wakaiopoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Na vita hivyo, pamoja na reli na meli zake, vilichukua tena wapagazi kwa nguvu, maelfu kwa maelfu, ambao wengi hawakurudi makwao. Mashine ilikuwepo, na mabega ya maskini yakaitwa vilevile.

Kisha tazama maajabu ya Mola. Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko walipokwama Kagunga, ufukweni, na kipindupindu kikawaingia, ni Liemba hiyohiyo iliyokwenda kuwachukua na kuwapeleka Kigoma, mamia kwa kila safari. Wamo katika nchi hii watu walio hai leo kwa sababu ya chuma kilicholetwa kwa ajili ya utawala wa kikoloni.

Sasa turudi kwetu. Upande huu wa Muyinga unaishi kwa barabara ya Kobero. Malori yanayotoka Dar es Salaam yanaingilia hapo mpakani, na nyuma ya kila lori kuna riziki za watu: mama anayeuza ndizi na maharage, fundi wa matairi, kijana wa baiskeli aliyening'inia nyuma ya lori kupanda mlima (tumewakanya mara ngapi, na tumezika wangapi!), mwenye chumba cha kulaza madereva. Kwa mpango uliotangazwa, reli inatoka Uvinza kwenda Musongati, halafu Gitega, Bujumbura, hadi ng'ambo ya Kongo. Muyinga haimo. Mizigo mizito ikihamia kwenye treni, Kobero inaweza kupata ya Ujiji, na hapatakuwa na wa kulaumiwa.

Reli haijengwi kwa mwaka mmoja, kwa hiyo muda bado upo. Mzazi anayetaka kukopa ili ajenge vyumba vya madereva barabarani, na alipie miaka 10, na aulize kwanza treni itafika lini. Kijana anayejifunza ufundi wa magari na atafute mahali pa kujifunza umeme pia, maana treni za Dar es Salaam hadi Dodoma, zilizoanza 2024, zinakwenda kwa umeme. Wenye kahawa na mpunga wakae katika vyama vyao wajadili nani atawafikishia mazao Gitega, kwa barabara ipi, na kwa bei gani. Na walio na jamaa upande wa Musongati wawaambie wahifadhi karatasi za mashamba yao, na mipaka ipandwe miti inayoonekana, kabla wapimaji hawajafika.