Farasi wa Maktau na Viwanja Vyao

Mtoto wa Kaloleni, mjini Voi, anaweza kumaliza shule ya msingi bila kumwona farasi hata mmoja. Tembo anamjua, maana Tsavo iko mlangoni. Nyani anamjua kwa wizi wake. Farasi ni wa vitabuni na wa runinga. Lakini mwaka 1915 mji huu ulikuwa njia panda ya farasi na nyumbu wa jeshi, na upande wa magharibi, huko Maktau, kulikuwa na kambi nzima ya wapanda farasi. Ardhi waliyoikanyaga ipo. Kinachosumbua ni kwamba apitaye juu yake leo hana cha kumwambia kuwa ameipita.

Farasi hakuzoea kabisa nchi hii, na sababu ni mdudu. Mbung'o akimuuma huacha damuni vijidudu vya nagana. Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi aliyekuwa Zululand, alionyesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbung'o, ingawa wafugaji wa Afrika walikuwa wakimkimbia mdudu huyo vizazi vingi kabla ya hadubini kumthibitisha. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyopita Taita na Taveta kwenda Kilimanjaro ilibeba pembe na vitambaa kwa mabega ya watu. Tajiri wa msafara hakukosa akili ya kununua farasi. Alijua tu kwamba farasi huyo angemfia njiani.

Waingereza walikuja kulijua hilo kwa hasara. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukaingia nyika ya Taru, kavu na yenye miiba, kabla ya kufika Voi. Mbele ya reli, mizigo ilibebwa na ngamia, nyumbu, ng'ombe na punda. Katika muda mfupi zaidi ya 1,500 kati yao walikufa. Punda, ambaye sote humdhania mvumilivu kuliko wote, ndiye aliyeangamia zaidi.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, wakajichimbia katika kilima cha Salaita. Kutoka kwao hadi reli ya Mombasa hapakuwa na kizuizi cha maana isipokuwa kiu, na vikosi vyao vidogo vilipenya vichakani usiku kwenda kutega baruti relini. Mwaka 1915 Waingereza wakaamua kuwafuata kwa reli mpya kutoka Voi, kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau. Maji ya milima ya Bura yakavutwa kwa bomba kuelekea kambini, kwa kuwa farasi mmoja hunywa kama watu kumi na hajui kungoja.

Katika kambi ya Maktau kulikuwa na kombania ya wapanda farasi iliyoundwa kutoka kikosi cha Loyal North Lancashire. Kazi yao ilikuwa doria: kutoka alfajiri, kusoma nyayo mchangani, kurudi wakiwa wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Shida moja haikuwa imefikiriwa na yeyote huko Uingereza. Farasi mweupe katika pori la kijivu huonekana mbali kama kanzu ya Idi. Dawa yao ilikuwa brashi na rangi. Picha ya enzi za vita hivyo Afrika Mashariki inaonyesha farasi mdogo mweupe aliyechorwa milia ya punda milia mwili mzima, mwenyewe kasimama kwa unyonge na hatamu mdomoni. Mjerumani aliyekuwa mbali huenda alidanganyika. Simba, bila shaka, hakuhitaji kudanganywa.

Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, doria ya kombania hiyo iliingia katika mapambano na ikalazimika kurudi nyuma. Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, alikuwa amejeruhiwa mguuni. Walipotaka kumchukua, alikataa, akasema abaki na majeruhi ambao hawangeweza kubebwa, labda kuwepo kwake kungewaokoa. Hakuwaokoa, na yeye mwenyewe akauawa. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa, na kaburi lake lipo Voi, katika makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola. Jiwe ni jeupe, limekatwa kwa kipimo kimoja na mengine.

Miezi hiyohiyo watu wa kilima cha Kasigau waliondolewa kwao. Wajerumani walikuwa wamekikalia kilima chao, na Waingereza, wakiwashuku wanakijiji kuwa waliwasaidia adui, wakawahamishia pwani, upande wa Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia walirudi miaka ya 1930. Habari za vita vya hapa zikisimuliwa, hupendwa zile za Dartnell na farasi wa milia. Za Kasigau husemwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni za familia moja tu.

Machi 1916 Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza, alianza kusonga kutoka kambi ya Mbuyuni. Brigedi ya wapanda farasi ya Afrika Kusini, chini ya Van Deventer, ilizunguka kaskazini kupitia Chala, na Wajerumani wakaiacha Salaita ambayo mwezi mmoja tu kabla walikuwa wameitetea kwa ukali. Ulikuwa ushindi wa kwato. Lakini kwato hizo zilikuwa zikielekea kusini, katika nchi ya mbung'o na mvua za masika. Farasi wa nagana huanza kwa kutoa machozi. Manyoya husimama, tumbo na miguu huvimba, na ingawa anakula, mbavu huhesabika. Siku moja hapandiki tena. Kati ya Septemba na Novemba 1916 peke yake, majeshi ya Uingereza yanatajwa kupoteza farasi wapatao 10,000 na nyumbu idadi kama hiyo.

Nafasi ya wanyama ikachukuliwa na watu. Wapagazi wa Carrier Corps waliandikishwa kwa laki nyingi, na vifo vilivyosajiliwa rasmi vilizidi 95,000. Jina la kikosi hicho likageuzwa ndimini: Nairobi ikapata Kariokor, Dar es Salaam ikapata Kariakoo.

Hapo ndipo farasi na mpagazi wanapokutana tena, safari hii kwenye ramani ya jiji. Karibu na Kariokor ndiko kulikokuwa na uwanja wa mbio wa Nairobi, ambako farasi walishindana tangu mwaka 1904. Agosti 1914 walowezi waliposhuka mashambani na farasi wao na bunduki za kuwindia, walipiga kambi kwenye uwanja huohuo, wakaandikishwa kuwa East African Mounted Rifles. Siku za mbio, Waafrika waliingia hasa wakiwa masaisi: kupiga brashi, kufunga tandiko, kumtembeza farasi apoe jasho. Dau walilipanga wengine.

Uwanja huo haukutetewa na mtu. Mwaka 1954 mbio zilihamishiwa Ngong, kwenye kingo za msitu, na eneo la zamani likamezwa na nyumba, shule na biashara. Kilichobaki ni Race Course Road. Utingo wa matatu huipigia kelele siku nzima, na abiria hushuka pale bila kuuliza mbio zilikuwa za nini.

Ngong iliponea. Bingwa wa kufunza farasi, Beryl Markham, aliishi katika kijumba cha uwanjani hapo hadi alipofariki mwaka 1986. Lakini ardhi inayouzunguka haikukaa kwa amani. Barabara ya Southern Bypass ilikata msitu wa Ngong Road, na jirani, Jamhuri, ujenzi wa uwanja wa mpira wa watu 60,000 ulianza mwaka 2024. Mji unaokua hutazama nyasi zisizo na jengo kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

Mfano wa uwanja uliotetewa hadharani uko katikati ya Nairobi. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969, na vizazi vya watoto wa jiji vimepelekwa pale Jumapili. Mwaka 1989 palipangwa kujengwa jengo la ghorofa 60 la gazeti la Kenya Times. Wangari Maathai aliandika barua: kwa serikali, kwa mabalozi, kwa mashirika ya nje. Wabunge walimkejeli, na shirika lake la Green Belt likatimuliwa ofisini. Wafadhili wakaingiwa na wasiwasi, mradi ukapunguzwa, kisha ukafa. Maathai alishinda kwa sababu alijua waliokuwa wameahidi fedha, akawaandikia hao. Machozi juu ya miti yasingetosha. Na mwaka 2021 bustani hiyohiyo ilifungwa ili ikarabatiwe, safari hii na serikali yenyewe, na wakazi wakabaki nje ya ua kwa muda mrefu wakikisia watakuta nini.

Maktau haijapata Maathai wake, lakini imepata watu wake. Mwandishi James Willson aliitembea nyika hii miaka mingi, akipima mahandaki na ngome za mawe, na mwaka 2014 alitoa kitabu chake, Guerrillas of Tsavo. Hoteli iliyo katika hifadhi ya Taita Hills inaonyesha masalio ya vita kwa wageni. Makaburi ya Wahindi waliokufa vitani yapo Maktau, yamezungushiwa ua na yanafagiwa. Kaburi lina mwenyewe na lina bajeti. Uwanja wa farasi, uliokuwa kamba tu iliyonyooshwa kati ya vigingi na mavi yaliyokauka juani, hauna.

Barabara ya kutoka Mwatate kwenda Taveta sasa ni ya lami, na malori yaendayo mpakani Holili hukimbia juu yake kama wanaofuata mshahara. Kandokando yake reli ya 1915 bado inaonekana sehemu kadhaa, imeshika kutu, imefunikwa na majani. Iliendelezwa hadi Kahe, ikaunganishwa na reli ya Tanga, na baada ya vita ilibeba abiria na mazao. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 ilianza kunyamaza. Mbuzi hupumzika juu ya mataruma yake. Ukiwa ndani ya gari, kituo cha Maktau hukipita kabla dereva hajamaliza kubadilisha gia.