Maneno Matatu na Kura Elfu Moja

Wahenga walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini historia yatuonyesha kwamba mtu aweza kuangushwa hata na ulimi wa mwenzake, ikiwa alikuwapo akanyamaza. Ndiyo habari ya Bwana James Blaine wa Marekani, mwaka 1884.

Mwaka ule watu wawili walishindania urais. Blaine, wa chama cha Republican, alikuwa msemaji hodari ajulikanaye nchi nzima. Mshindani wake, Grover Cleveland wa chama cha Democratic, alikuwa gavana wa jimbo la New York. Kila mmoja alikuwa na doa lake. Blaine alilaumiwa kwamba alipokuwa mbunge alijipatia faida kwa makampuni ya reli. Na mwezi wa Julai gazeti moja la mji wa Buffalo lilitangaza kwamba Cleveland, asiye na mke, alikuwa na mtoto wa nje ya ndoa. Rafiki zake walipomwuliza wajibu nini, aliwaambia waseme kweli. Aibu ilikuwa kubwa, lakini haikuendelea kukua, maana jambo lililokwisha kuungamwa halina la kufichuliwa tena.

New York ilikuwa na kura 36 za wajumbe wamchaguao Rais, kupita jimbo lolote lingine. Humo waliishi Waairishi wengi, Wakatoliki, ambao desturi yao ilikuwa kukichagua chama cha Cleveland. Safari hii Blaine alitumaini kuwavuta wengi upande wake, kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa Mkatoliki.

Tarehe 29 Oktoba, siku sita kabla ya uchaguzi, mamia ya wachungaji wa Kiprotestanti walikutana naye katika hoteli moja mjini New York. Mzee mmoja wao, Samuel Burchard, akasimama kumsalimu. Alisema kwamba wao hawatakiacha chama chao wajiunge na chama kilichotokana na pombe, Uroma na uasi. Pombe, kwa sababu chama kile hakikupenda sheria za kuizuia. Uasi, kwa sababu kilikuwa na nguvu katika majimbo ya kusini yaliyoasi mwaka 1861. Na Uroma, ndiyo dini ya Waairishi. Blaine alijibu kwa shukrani, asiliguse neno lile. Wengine wasema hakulisikia. Wengine wasema alidhani litapita.

Halikupita. Chama cha pili kilikuwa kimemtuma mtu mle ndani, akiandika upesi upesi yote yaliyosemwa. Na jioni ileile Blaine alikula karamu katika mkahawa wa Delmonico's pamoja na matajiri wakubwa, wakati ambapo kazi zilikuwa haba na wengi hawakuwa na mshahara. Kesho yake gazeti la Joseph Pulitzer lilimchora kama mfalme Baltazari wa kitabu cha Danieli, ameketi mezani kati ya wenye fedha, na mbele yao maskini na jamaa yake wakiomba makombo. Hata asiyejua kusoma aliielewa picha ile.

Siku ya Mungu, tarehe 2 Novemba, karatasi zenye maneno yale matatu ziligawanywa penye makanisa ya Wakatoliki. Nyingine zilidai kwamba Blaine mwenyewe ndiye aliyeyatamka. Blaine alikuwa amekwisha kuyakana siku moja mbele, akisema hawezi kuidharau dini ya mama yake. Lakini uvumi ulikuwa umemtangulia siku tatu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kura zilipohesabiwa, Cleveland aliishinda New York kwa kura elfu moja na kidogo tu, katika kura zaidi ya 1,100,000. Katika nchi nzima alipata kura 219 za wajumbe, Blaine 182. Kama Blaine angalipata zile 36 za New York, yeye ndiye angalikuwa Rais.

Je, ni maneno matatu tu yaliyomwangusha? Tusiseme hivyo. Watu wa chama chake mwenyewe walimkimbia kwa sababu ya habari za reli, na wapinga pombe walikuwa na mgombea wao aliyemnyang'anya kura. Lakini mzani ukiwa sawa, hata punje moja huuinamisha.

Mwaka 1960 John Kennedy, Mkatoliki, aliutafuta urais uleule. Wengi walimshuku kwa ajili ya dini yake. Yeye hakungoja. Tarehe 12 Septemba alikwenda Houston, akasimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti, akaeleza msimamo wake na kujibu maswali yao, televisheni ikimwonyesha. Siku kumi na nne baadaye, huko Chicago, alijadiliana na Richard Nixon mbele ya watazamaji wapatao milioni 70. Nixon alikuwa ametoka hospitali kwa ugonjwa wa goti, uso umefifia, jasho likimtoka. Kennedy alishinda kwa kura zipatazo 100,000 tu katika milioni 68.

Wasomaji wapenzi, kwa atakaye kuongoza watu funzo ni wazi: jirani akitukanwa mbele yako na wale wakusifuo, mtetee papo hapo, kwa maana kunyamaza ni kukubali. Lakini sisi wapiga kura tuna funzo letu pia. Wale waliopewa karatasi kanisani walitukanwa kweli. Hata hivyo wengine walidanganywa juu ya nani aliyewatukana. Leo karatasi zile hutujia kwa simu. Kabla ya kukasirika, na kabla ya kumpelekea mwingine, tuulize kwanza: neno hili lilitoka kinywani mwa nani, na huyu aliyeniletea ataka nini kwangu?