Programu za kidijitali za ustawi kazini

Ni huduma za afya ya akili na mwili ambazo mwajiri huwalipia wafanyakazi wake wazipate kwenye simu au kompyuta: mazoezi ya kutuliza akili, ushauri nasaha kwa video, kufuatilia usingizi na kuhesabu hatua. Maarufu ni Headspace, iliyoanzishwa London mwaka 2010, na Calm ya San Francisco, 2012.

Soko lake limekua haraka kuliko ushahidi. Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 nchini Uingereza. Walioshiriki programu hizo, zikiwemo za simu, hawakuwa na hali bora kuliko wenzao wasioshiriki. Dalili ya manufaa ilionekana tu kwa waliopewa nafasi ya kujitolea kwa kazi za hisani. Si ajabu kwamba nyingine hazikusaidia: kuvuta pumzi kwa utaratibu hakupunguzi zamu wala hakuongezi mshahara. Ufaransa iligusa chanzo chenyewe cha msongo, yaani mpangilio wa kazi. Tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi hutakiwa kujadili nao haki ya kutosumbuliwa kwa simu na barua pepe baada ya saa za kazi.

Suala jingine ni faragha. Sheria za ulinzi wa data za Kenya (2019) na Tanzania (2022) huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hata zikikusanywa na programu iliyolipiwa na mwajiri.