Mahekalu ya Nara, Mji Mkuu wa Kale wa Japani

Mtu akitajiwa mji wa kale hudhani kwamba ataonyeshwa kuta za mawe zilizobomoka. Katika mji wa Nara, nchi ya Japani, mambo sivyo. Mji huu ulifanywa mji mkuu mwaka 710, na majengo yake yalikuwa ya miti. Mwaka 784 mfalme alihamisha kiti chake. Jumba lake likatoweka, na mahali pake pakalimwa mpunga. Lakini mahekalu yangali yamesimama. Imekuwaje mti ukadumu kuliko enzi? Na tuyazuru tupate jibu.

Kwanza twende Todai-ji, penye sanamu ya Buddha ya shaba, ambayo kimo chake chapata mita 15. Tangu mwaka 735 hata 737 ndui iliua watu wengi mno katika Japani, wakubwa kwa wadogo. Mfalme Shomu akataka nchi yake ipate ulinzi wa Buddha, na mwaka 743 akaamuru sanamu hiyo isubiwe. Katika amri yake alisema kwamba mtu akitaka kuleta hata kijiti kimoja au konzi ya udongo, apokewe. Tena akawakataza maofisa wasiwatoze watu kwa nguvu. Mtawa Gyoki, aliyejulikana kwa kujenga madaraja na mifereji, akazunguka kuwakusanya watu. Haba na haba hujaza kibaba: mwaka 752 mtawa wa Bara Hindi, jina lake Bodhisena, aliipaka sanamu ile macho mbele ya mkutano mkubwa. Walakini tusifiche kwamba gharama yake iliwalemea watu, na manung'uniko yalikuwapo.

Mwaka 1180 askari wa ukoo wa Taira waliutia mji moto, na hekalu likateketea. Mtawa Chogen, mtu wa umri wa miaka 60 na kitu, akaenda huku na huku akiomba sadaka, hata nyumba ikasimama tena mwaka 1195. Mwaka 1567 vita vikaiteketeza mara ya pili. Sanamu ikakaa miaka mingi ikinyeshewa na mvua, mpaka mtawa Kokei alipoanza kuchangisha mwaka 1684. Yeye alikufa mwaka 1705, na nyumba ikatimizwa mwaka 1709, hakuiona. Nyumba hiyo ndiyo tuionayo leo. Upana wake ni mita 57, ambapo ile ya kwanza ilipata mita 86. Miti mikubwa ilikuwa imeadimika, kwa hiyo nguzo zake zimeungwa kwa vipande na kufungwa kwa pete za chuma.

Tukiondoka hapo tukaingia msituni, njia yenye taa za mawe pande zote mbili, tutafika Kasuga, mahali pa ibada ya miungu ya kale ya Wajapani, palipojengwa mwaka 768. Paa hutembea humo bila hofu, kwa maana wahesabiwa kuwa wajumbe wa miungu. Hapa watu hawangoji moto. Desturi yao ni kuyatengeneza majengo upya kila baada ya miaka 20 hivi, na mwaka 2016 walitimiza mara ya 60. Hivyo fundi kijana hujifunza kwa mzee kabla mzee hajafa.

Karibu na Nara iko Horyu-ji, yenye majengo ya miti yaliyo ya kale kuliko yote duniani. Mwaka 1949 moto uliziharibu picha za kutani humo, na mwaka uliofuata serikali ikatunga sheria ya kuhifadhi vitu vya kale.

Basi jibu ni hili. Mfalme aliweza kuamuru hekalu lijengwe, kulidumisha hakuweza. Waliolidumisha ni watu waliochanga kidogo kidogo, na mafundi walioirithisha kazi yao, wengine kwa ajili ya nyumba wasiyoiona kwa macho yao.