Robo ya Basi

Mwaka 1966 Baraza la Jiji la Nairobi lilipata robo ya basi. Hivyo ndivyo marehemu baba alivyolieleza jambo hilo, akicheka. Asilimia 25 ya hisa za Kenya Bus Services (KBS), kampuni aliyoifanyia kazi ya ukondakta, ziliingia mikononi mwa madiwani, naye akataka kujua ni robo ipi hasa waliyopewa. Magurudumu ya nyuma, au honi?

Alikuwa anatania, lakini mimi niliyefundisha historia mpaka nikastaafu naliona ndilo swali lenyewe. Baraza halikufungua mkoba ili kuzipata hisa zile. Lilitoa barabara. Kampuni ilipewa haki ya pekee ya kubeba abiria kwa nauli ndani ya mipaka ya jiji, nalo baraza likaingizwa kwenye umiliki. Meya alikuwa Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho, na jiji lilikuwa na shule, zahanati na nyumba nyingi za kujenga kuliko pesa lilizokuwa nazo. Kupata sehemu ya kampuni nzima ya mabasi bila kugusa kodi ya viwanja! Diwani gani angekataa?

Mabasi yenyewe yalianza 1934. Reli ilikuwa imefika Nairobi miaka 35 tu nyuma yake, na mji ulikuwa bado manispaa. Hati ya jiji ilikuja 1950. Kampuni ya London iliyojulikana kwa herufi OTC ilileta mabasi 13, yakapangiwa njia 12. Hesabu hiyo hunichekesha kila ninapoisoma: basi moja kwa kila njia, na moja la akiba, Mungu asaidie. Mwaka uliotangulia, 1933, London yenyewe ilikuwa imeyaweka mabasi, tramu na treni zake za chini ya ardhi katika bodi moja ya umma, baada ya kuchoka na kampuni zilizokuwa zikigombania abiria barabarani. Watu wa kule walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba basi si duka. Huku kwetu tukaletewa duka.

Katika baraza la manispaa lililoipokea kampuni hiyo hakuketi Mwafrika hata mmoja. Walikuwamo Wazungu, na Wahindi wachache. Aliyelala Pumwani au Kariokor na kufanya kazi mjini alikwenda kwa miguu, na waliotangulia kupata nafuu walinunua baiskeli. Herufi OTC, hata hivyo, zimeganda mjini. Upande wa Race Course Road, ukielekea Landhies, kuna steji inayoitwa OTC mpaka leo, na makanga wanaolitaja jina hilo kutwa nzima sidhani kama wamewahi kujiuliza lilitoka wapi.

Kwamba watu wa mitaa hiyo ya Eastlands hawakuliona basi kuwa lao lilidhihirika 1953. Vita vya Mau Mau vilikuwa vimepamba moto, na agizo likapita mitaani: Mwafrika asipande basi, asivute sigara, asinywe bia ya Wazungu. Mabasi yakazunguka na viti vitupu. Asubuhi watu walitembea makundi makundi kwenda kazini kupitia Doonholm Road, ambayo siku hizi ni Jogoo Road, huku basi likiwapita. Mgomo ule husimuliwa kama kisa cha vita, na ni haki yake. Mimi nauona pia kama kura. Waliokuwa hawana sauti ya maana barazani walipiga kura kwa miguu kuhusu chombo ambacho hakuna aliyewahi kuwauliza kiende wapi na kwa nauli gani.

Uhuru ulipokuja 1963, mipaka ya jiji ilisukumwa mbali sana, ikafikia karibu kilomita za mraba 690. Vijiji vya pembezoni vikaamka siku moja vikiwa Nairobi. Sensa ya 1962 ilihesabu watu wasiozidi laki tatu na nusu, hata ukijumlisha maeneo hayo mapya. Ile ya 1969 ikahesabu 509,286. Huo ndio mji uliokuwa mbele ya madiwani walipoketi na kampuni 1966.

Sasa niwaeleze basi la baba lilivyokula na lilivyoliwa, maana bila hilo mkataba haueleweki. Tuliishi Kaloleni, nyumba za baraza. Kodi ya nyumba alililipa baraza, na mshahara akaupata kwa kampuni ambayo baraza lina hisa zake. Akasema yeye ni kama ng'ombe anayekamuliwa na mtu mmoja kwa mikono miwili. Kabla ya alfajiri alikuwa gereji ya Eastleigh. Alikuwa na mfuko wa ngozi uliopauka mahali mkanda uliposugua, vitita vya tikiti vilivyobanwa kwa mpira, na kalamu nyuma ya sikio. Peni za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati, alizitunga kwenye waya ili asihangaike kuzihesabu jioni. Mama alimwambia amevaa mkufu wa bibi harusi.

Saa kumi na mbili asubuhi basi lilijaa Jogoo Road mpaka dereva akapita vituo bila kusimama. Watu wa Industrial Area, watu wa reli, makarani, wanafunzi waliolipa nusu nauli. Kufika saa nne, basi lile lile, lenye dereva yule yule na kondakta yule yule wanaolipwa kutwa, lilikuwa linazunguka na mjamzito anayekwenda kliniki Pumwani na mzee anayefuata barua posta. Dizeli ilichomwa sawasawa. Nauli za mjamzito na mzee hazikutosha hata kulizungusha basi mpaka mwisho wa njia. Zilizotosha ni nauli za saa kumi na mbili. Na hiyo ndiyo ruzuku pekee ambayo KBS iliwahi kuwa nayo: abiria wa asubuhi kumlipia abiria wa mchana, na wa njia nene kumlipia wa njia nyembamba, bila yeyote kati yao kujua.

Mpango kama huo unasimama kwa sharti moja tu, kwamba pasitokee mtu wa kuja kuchota abiria wa saa kumi na mbili peke yao na kumwachia mwenzake wale wa saa nne. Haki ya pekee ndiyo iliyokuwa ukuta. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema baraza halikuchangia usafiri. Lilichangia ukuta. Ubaya ni kwamba ukuta haukuwa mali yake.

Tayari kwenye miaka ya sitini kulikuwa na magari yaliyopenya, Ford Thames na Peugeot zilizochoka, yakibeba watu kwa wizi kutoka mitaa ambayo basi halikufika au lilifika kwa kuchelewa. Ndiyo yaliyokuja kuitwa matatu; hadithi ya jina hilo kila mtoto wa Kenya anaijua, naipita. Polisi waliyakamata, wenyewe wakalipa faini, kesho yake yako barabarani. Kisha 1973 Rais Jomo Kenyatta akatamka kwamba matatu zibebe abiria bila kudaiwa leseni ya uchukuzi ambayo mabasi yalidaiwa. Wenye matatu walikuwa wamelilia jambo hilo, na kisiasa lilikuwa na maana: Mwafrika mwenye gari moja anashindana na kampuni ya Waingereza, unamzuiaje miaka kumi baada ya uhuru?

Hapo ndipo bei ya zile hisa ilipojulikana. Baraza lilikuwa limezilipia kwa kitu ambacho aliye juu yake angeweza kukigawa bure kwa tamko moja. Hisa zilibaki kwenye vitabu, robo kamili, haikupungua hata chembe. Kilichokwisha ni ukuta.

Na nisieleweke vibaya. Matatu ilifika Mathare na Kawangware kupitia vichochoro ambavyo basi lingekwama kona ya kwanza. Iliwapa kazi vijana ambao hakuna gereji ingewaajiri. Ilisimama popote ulipoinua mkono. Wanaoililia enzi ya KBS kana kwamba ilikuwa peponi hawakusubiri basi kwenye mvua ya Aprili wakaliona likipita limejaa. Lakini mwanafunzi mwenye sare, ambaye kwa baba alikuwa abiria wa nusu nauli, kwenye matatu alikuwa mtu wa kusukumwa pembeni mpaka watu wazima waingie. Na saa nne asubuhi matatu ilikaa steji ikingoja ijae. Mjamzito wa Pumwani alingoja nayo.

Baada ya 1973 madiwani walikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuidai serikali iwarudishie ukuta wao. Ya pili, kutia pesa: kuchukua sehemu ya kodi ya viwanja na kununua kwayo safari zisizolipa, za mchana, za usiku, za mitaa ya mbali, kama wanunuavyo taa za barabarani, ambazo hakuna anayetarajia zilete faida. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Kampuni ikaachwa iishi kwa nauli zake. Iliendelea kununua mabasi na kubeba maelfu, hata ikashangaza wataalamu wa nje kwamba inajiendesha bila ruzuku. Sifa hiyo baba aliisoma gazetini akaguna. Kujiendesha bila ruzuku, alisema, maana yake ni kupunguza safari za saa nne.

Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza lenyewe, na jiji likaendeshwa na tume mpaka 1992. Mwenye robo, basi, hakuwapo nyumbani. Katikati ya kipindi hicho, 1986, serikali ilianzisha mabasi ya Nyayo, mengine yakiwa msaada kutoka Ulaya, yakiendeshwa na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), nauli nafuu kuliko ya KBS. Abiria walifurahi, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini hebu tazama mambo yalivyokaa: pesa za umma zilipopatikana hatimaye kwa ajili ya basi, hazikutiwa kwenye kampuni ambayo umma una hisa zake, zilitumika kuanzisha mshindani wake. Kabla miaka ya tisini haijaisha mengi ya mabasi ya Nyayo yalikuwa yameegeshwa, nyasi zikiyaota magurudumuni.

Mwaka 1991 wenye robo tatu nao waliuza. Mnunuzi alikuwa Stagecoach, kampuni ya Uskoti iliyonenepa Uingereza baada ya mabasi ya kule kubinafsishwa. Ilileta mpaka mabasi ya ghorofa ya Dennis, marefu na meupe, tukapanda juu watu wazima tukiona paa za vibanda. Ilidumu miaka saba. Mwaka 1998 ikawauzia wawekezaji wa hapa nchini ikaondoka, na mabasi ya ghorofa yakapakiwa melini. Yakaenda kubeba wanafunzi wa vyuo Manchester. Kampuni iliyobaki ilihangaika miaka michache zaidi, kisha magari makubwa ya rangi zake yakaanza kuonekana kwa kubahatisha.

Kilichorithiwa ni namba. Kangemi ni 23, Kawangware 46, Kibera 8, Eastleigh 6 na 9, Buruburu 58, Ngong 111. Ni namba za KBS, na matatu huzibandika kwenye vioo bila kumlipa mtu, mpaka mgeni asiyejua Kiswahili huambiwa namba tu akafika. Njia nyingi nazo ni zile zile, zote zikikimbilia katikati ya mji, kwa sababu ndiko basi la 1934 lilikopelekwa. Ukitoka Kangemi kwenda Kayole sharti uingie mjini kwanza, ushuke, uvuke mitaa kwa miguu, upande nyingine. Hakuna aliyekaa akapanga upya, kwa kuwa mwenye gari moja hana sababu ya kupanga mji mzima.

Katiba ya 2010 iliukabidhi usafiri wa abiria barabarani kwa kaunti, waziwazi, kwenye Jedwali la Nne. Yaani kile ambacho madiwani wa 1966 walikikosa, mamlaka isiyoweza kufutwa kwa tamko, wawakilishi wa leo wanacho mkononi. Uchunguzi wa safari uliofanywa Nairobi 2013 ulionyesha kwamba karibu safari nne katika kila kumi ni za miguu. Si mazoezi. Ni watu wa Mukuru na Kibera wanaokwenda kazini kwa njia ile ile ya wagomaji wa 1953, isipokuwa hawa hawagomi. Nauli ndiyo hawana.

Kwenye bajeti ya kaunti utatafuta ruzuku ya nauli zao uchoke. Usafiri wa abiria umo, lakini upande wa mapato: ada ya steji na maegesho ambayo kila matatu hulipa mwezi kwa mwezi. Mwenye gari huitoa kwenye mkoba wa makanga, makanga naye huitoa kwa abiria, na siku ya mvua huitoa mara mbili.