Uvumi na Uzushi katika Kambi za Uha

Kiswahili hutenga mambo mawili ambayo siku hizi huchanganywa kwa urahisi. Uvumi watokana na kuvuma, kama upepo uvumavyo, wala neno lenyewe halisemi kwamba habari ni ya kweli au ya uwongo. Uzushi watokana na kuzusha, na humo hapana budi awepo aliyelianzisha jambo. Historia ya wakimbizi wa Kibondo na Kasulu yaonyesha faida ya kuishika tofauti hiyo.

Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda ilidhihirisha jinsi uzushi uwezavyo kuua. Mwaka uliofuata Radio Kwizera ilianzishwa Ngara, kaskazini ya Kibondo, iwape wakimbizi habari za kuaminika. Hata hivyo uvumi haukukoma. Simon Turner, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Warundi katika kambi ya Lukole, huko huko Ngara, aliona kwamba kwa uvumi watu walijaribu kufasiri nia za mataifa makubwa, nia ambazo hawakuwa na njia ya kuziuliza.

Desemba 2012 kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa, na Warundi wapatao 35,000 wakarudishwa kwao. Mwaka 2015 machafuko yaliwaleta wengine, na Oktoba kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena. Mei ya mwaka huo huo, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa, vituo vya redio vya binafsi vilikuwa vimeshambuliwa mjini Bujumbura. Waandishi wengi walikwenda uhamishoni, na baadhi yao wakaendelea kupeleka habari kwa intaneti na WhatsApp. Basi habari iliyochunguzwa na habari iliyotungwa zikapita njia moja, katika simu ile ile.

Mtu aliyeikumbuka Mtabila angewezaje kupuuza habari kwamba kambi yake nayo itafungwa? Mwaka 2021 Mtendeli, katika wilaya jirani ya Kakonko, ilifungwa kweli.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, katika kifungu cha 16, iliweka adhabu kwa atoaye habari za uwongo. Sheria ya namna hiyo humwandama mzushi. Lakini uvumi wa kambini aghalabu hauna mwenyewe. Una sababu tu, nayo ni ukimya wa wenye kuamua. Mzushi aweza kufungwa. Uvumi hutulizwa na jibu la kweli, litolewalo mapema, katika lugha ya wanaolingoja.